Picha za Guni: Kamera Kuukuu na Haki ya Dosari katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Katika istilahi za ushairi wetu kuna neno moja ambalo limetumiwa zaidi kama fimbo kuliko kama kipimo. Neno hilo ni guni. Shairi lisilotimiza mizani, au lililopotoka vina, huitwa guni, na aliyelitunga hushauriwa arudi kwa walimu wake akanolewe upya. K. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliziweka katika maandishi kanuni ambazo malenga wa pwani walikuwa wakizifuata kwa masikio. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kanuni hizo ziligeuka uwanja wa mapambano ambao vumbi lake halijatua hata leo katika vyumba vyetu vya mihadhara. Sina nia ya kulitonesha upya jeraha hilo. Nimelikumbuka neno guni kwa sababu ya jambo lililo mbali kidogo na ushairi, nalo ni raha ambayo watu wengi siku hizi wanaipata kwa kutumia kamera kuukuu za filamu, zenye kasoro zisizofichika.

Raha hiyo si uzushi wa hapa kwetu. Mwaka 1992 vijana wa Vienna waliunda chama cha wapenzi wa Lomo LC-A, kamera ndogo iliyokuwa ikiundwa Leningrad tangu 1984, wakaifanya sifa kila aibu ya kamera hiyo: pembe za picha zenye giza, rangi zilizopita kiasi, sura zisizokaa sawa. Holga, kamera ya plastiki iliyotoka Hong Kong mwaka 1982 kwa ajili ya watu wasio na fedha, leo inatafutwa na watu wenye fedha, na inatafutwa kwa sababu inavujisha mwanga. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwaona wanafunzi wenzangu wakilipa zaidi kwa filamu iliyopitwa na muda wake kuliko kwa filamu mpya. Niliporudi nikaikuta kasoro hiyohiyo imetia nanga pwani: vijana ufukweni Malindi na kando ya hori la Kilifi wanatembea na kamera ambazo wazazi wao walizitupa uvunguni. Asiyeipata kamera hununua programu ya simu inayomwaga chembechembe na michirizi ya mwanga juu ya picha iliyokuwa safi. Dosari imepata bei.

Madhumuni ya makala haya ni kuuliza kama dosari ya picha yaweza kuwa na uzuri wake na, kama yaweza, uzuri huo ni wa nani. Mifano yangu ni ya Malindi na Kilifi, kwanza kwa kuwa ndiko ninakokujua, na pili kwa kuwa huko ilipigwa mwaka 1985 picha moja ambayo, kwa maoni yangu, mtu anayetaka kusema neno juu ya kamera za zamani hana ruhusa ya kuipita.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Picha ya filamu kwa Kiswahili ilikuwa na vitenzi vitatu. Kwanza ilipigwa, kama ngoma inavyopigwa, au bunduki. Kisha ilisafishwa. Mwisho ilitolewa. Baina ya kitenzi cha kwanza na cha tatu palikuwa na siku, aghalabu majuma, na kwa mtu wa shamba miezi, kwa sababu filamu ya picha thelathini na sita haikuondolewa kamerani mpaka iishe, na ilipokwisha ilisafiri mpaka kwenye chumba cha giza mjini. Simu ya mkononi imekibakisha kitenzi cha kwanza tu. Picha inapigwa, basi.

Kitenzi cha kati ndicho kinachonivutia zaidi. Anayesema kwamba picha inasafishwa anakiri kwamba picha ilikwisha kuwako, ila imefunikwa. Msemaji wa kawaida aliyeteua kitenzi hicho pengine hakuijua kemia, lakini hakuikosea. Mwanga unapoigusa filamu, chumvi za fedha zilizomo ndani ya utando wake hubadilika kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Taswira imo, kamili, wala hakuna awezaye kuiona, mpaka dawa iifanye fedha hiyo kuwa nyeusi. Na filamu iliyofunguliwa kwenye mwanga kabla ya wakati wake tulisema imeungua. Neno hilo nalo lina haki yake, hasa katika pwani ambapo joto peke yake, bila mkono wa mtu, laweza kuiharibu filamu iliyosahauliwa juu ya kabati.

Kuna na neno la nne, ambalo vijana hawalitumii tena kwa maana hii. Wazee wa pwani waliposema sanamu walikusudia picha ya karatasi na pia umbo lililochongwa kwa mti au jiwe. Kamusi za zamani zinazihifadhi maana zote mbili katika neno moja. Namwomba msomaji aliweke neno hilo akibani, kwani tutalihitaji.

Sasa kamera yenyewe. Brownie ya Kodak, iliyotolewa mwaka 1900 kwa bei ya dola moja, ilikuwa sanduku lenye lenzi ya kioo kimoja na mwendo mmoja tu wa kufunga na kufungua, na kwa miongo mingi baadaye kamera za watu wa kawaida zilikuwa wajukuu wa sanduku hilo. Katika pwani yetu zilikutana na maadui ambao mafundi wa Rochester hawakuwafikiria. Unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, unaotambaa kama nyuzi za buibui na kuufanya mwanga uonekane kana kwamba umetiwa maziwa. Mchanga mweupe wa ufukweni huidanganya kamera yenye kipimo cha mwanga, na aliyesimama mbele yake akatoka mweusi kama kivuli cha ukutani. Sifongo inayoziba ukingo wa mlango wa nyuma huoza ikawa kama lami, na hapo mwanga hupenya na kuchora mchirizi mwekundu juu ya chochote utakachopiga. Tena kijidirisha cha kutazamia katika kamera nyingi za bei nafuu hakipiti kwenye lenzi. Kiko juu yake au kando. Unachokiona sicho hasa kinachoonwa na filamu, na kadiri unavyomsogelea mtu ndivyo tofauti inavyozidi. Ndiyo maana albamu za majumbani mwetu zimejaa watu waliokatwa vichwa.

Katika nyumba moja ya Malindi nimeonyeshwa picha ya namna hiyo. Ilipigwa kwenye kivuko cha Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, siku zile ambapo kila basi la kwenda na kutoka Mombasa lilisubiri zamu yake kando ya maji. Katikati ya picha hapana kitu cha maana: ubavu wa pantoni, kamba, maji, mtoto aliyegeuka. Upande wa kushoto, ukingoni kabisa, imeingia pembe ya leso, na juu ya leso maneno mawili ya mwisho ya jina lake, yaliyofifia. Mwanamke aliyejitanda leso hiyo hayumo. Mpigaji alimwona vizuri katika kijidirisha chake, akambonyezea, na lenzi ikamwacha nje. Picha hiyo nyumbani inaitwa picha ya bibi.

Nilikaa nao jioni nzima wakibishana jina la leso hiyo lilikuwa lipi. Shangazi mmoja alikuwa na jina lake, mwingine akampinga kwa hoja ya rangi ya pindo, ingawa picha yenyewe haina rangi. Mjomba alisema leso yenyewe haikuwa ya bibi, aliazima. Kila mmoja aliukamilisha mstari kwa namna yake, na katika kuukamilisha wakamtaja bibi kwa mambo ambayo, naamini, picha iliyomwonyesha bibi mzima isingewatajisha. Hapo ndipo nilipolikumbuka guni. Picha imepungukiwa na mizani, na mizani iliyopungua imewalazimisha wasikilizaji waitie wenyewe.

Je, hii si hoja tosha ya kuitetea dosari? Wapenzi wa kamera kuukuu wangeipokea kwa mikono miwili. Lakini tusiende mbio. Katika ule ugomvi wa ushairi, upande mmoja ulidai kwamba wavunjaji wa arudhi walivunja kwa kutoijua, na upande wa pili ukajibu kwamba wao walivunja kwa makusudi, ili maana ipate nafasi. Wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja: kwamba nyuma ya guni yuko mtu, awe mjinga au awe mjuzi. Kamera ya bei nafuu haina hata mmoja wao. Mpigaji wa kivukoni hakukusudia kumkata bibi, wala si kwamba hakujua kupiga. Sanduku lake lilikuwa na macho mawili yasiyokubaliana. Kuisifu dosari kana kwamba ni uteuzi wa msanii ni kumpa sanduku heshima isiyo yake.

Vilevile siikubali ile hoja inayorudiwarudiwa ya kwamba picha yenye kasoro ni ya kweli zaidi. Mchirizi mwekundu wa mwanga hauna ukweli wowote zaidi ya huu: sifongo imeoza. Unaushuhudia mlango wa kamera, haumshuhudii aliyesimama mbele yake. Anayeuona ukweli humo anachanganya dalili ya uzee na dalili ya unyofu, kosa ambalo wahakiki wa tenzi kongwe nao hulifanya wanapodhani kwamba kila hati iliyotobolewa na mende ina maneno asilia.

Tena kumbukumbu yetu juu ya zama hizo inatudanganya. Watu waliotumia filamu wakati ilipokuwa hapana kingine hawakuzipenda kasoro zake hata kidogo. Walilipa ili waziepuke. Tazama kazi ya N. V. Parekh, aliyekuwa na studio Mombasa tangu miaka ya 1940: taa zimepangwa, kitambaa kimenyooshwa, kidole kimewekwa pale kinapotakiwa kuwa. Tazama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930. Au mtazame Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, mtu aliyejifundisha mwenyewe kazi hii, akikata na kuunganisha vipande vya picha mbalimbali mpaka mteja akajikuta mahali ambapo hajapata kukanyaga. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani aliyechapisha mwaka 2013 kitabu kizima juu ya upigaji picha wa pwani hii, anamweka Bakor miongoni mwa mafundi wakubwa, nami nakubaliana naye. Hawa walikuwa watu wa arudhi. Mteja aliyevaa kanzu yake ya Idi na kuazima saa ya rafiki hakwenda studio kutafuta mchirizi wa mwanga usoni. Angerudishiwa fedha zake. Mafundi walikaa usiku na penseli iliyochongwa kama sindano wakirekebisha negativu, wakiondoa kovu hapa, wakijaza nyusi pale. Ukimwambia fundi wa namna hiyo kwamba vijana wa leo hununua kasoro, sijui kama angecheka au angelia, lakini yakini asingeelewa.

Kuna dosari nyingine ambayo wapenzi wa filamu huipita kimya, nayo ndiyo inayonifanya nisiweze kuisifu filamu ya rangi bila kusita. Sote tuliosoma wakati wa filamu tunazijua zile picha za darasa ambamo kilichoonekana cha wanafunzi weusi zaidi ni meno na shati. Tuliambiwa ni jua, au ni mpigaji. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa na asili nyingine. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyokuja kuitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi mmoja wa Kodak. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, alionyesha mwaka 2009 kwamba waliosikilizwa walipolalamika juu ya filamu kutotofautisha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Mbao na peremende zilipata haki yao kabla ya watoto wetu.

Basi tunaposema dosari, tunasema nini? Mchirizi wa sifongo iliyooza ni ajali. Uso uliomezwa na giza kwa sababu kadi ya kupimia ilikuwa ya Mzungu si ajali. Hiyo ni arudhi, tena arudhi iliyotungwa na mwingine kwa ajili ya mwingine, ikaletwa kwetu ndani ya kisanduku cha manjano, na sisi ndio tukaitwa guni. Mafundi wa pwani waliijua hila hii bila kusoma utafiti wowote. Waliongeza mwanga kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye kisanduku, wakaziokoa nyuso na kuiacha mbingu iungue. Katika albamu za Malindi utaziona mbingu hizo tupu, nyeupe, hazina hata wingu. Hiyo ndiyo dosari ninayoweza kuiheshimu bila masharti, kwa sababu yupo mtu nyuma yake, naye aliteua.

Nimesema kwamba pwani hii ina picha ya mwaka 1985. Nafika kwayo sasa, lakini nipitie kwanza kwa watalii, maana bila wao kisa hakieleweki.

Malindi imeishi na kamera za wageni kwa muda mrefu kuliko miji mingi ya nchi hii. Mnara wa Vasco da Gama, makaburi ya nguzo kando ya msikiti wa Ijumaa, magofu ya Gede ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948: vyote vimepigwa picha mpaka mtu angedhani vimechakaa kwa kutazamwa. Na walipigwa watu. Mgeni alimsimamisha mvuvi au mama mchuuzi, akampiga, kisha akasema: nitakuletea. Au: nitakutumia kwa posta. Filamu ilibidi ikasafishwe kwao, kwa hiyo ahadi hiyo haikuwa uongo wakati ilipotolewa. Ilikuwa sehemu ya kupiga picha, kama kitenzi cha tatu kilivyokuwa sehemu ya vile vitatu. Kutolewa kwa picha kulikuwa deni. Deni hilo aghalabu halikulipwa, na wazee wanaoweza kuhesabu picha zao zilizoko Italia na Ujerumani ambazo wao wenyewe hawajaziona si haba.

Mwaka huo wa 1985 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Monica Udvardy, alikuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wagiriama. Alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Kwa msomaji asiyetoka huku, kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa umbo la mtu, yenye nakshi za pembetatu, anayosimamishiwa marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Si pambo. Marehemu hukaa hapo, hutambikiwa hapo, na nguzo haing'olewi; huachwa mahali pake mpaka mvua na mchwa wamalize kazi yao. Katika maana ya kale ya neno letu, basi, ilikuwa picha ya sanamu, sanamu ya sanamu.

Udvardy alilipa deni. Alirudi na picha kumpa mwenyewe. Alipofika akaambiwa kwamba vigango vimekwisha ibiwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Katika zile siku zilizokuwa baina ya kupiga na kutoa, kilichopigwa kilitoweka, na karatasi ikabaki peke yake.

Yaliyofuata yamechapishwa, nayo si siri. Kwenye mkutano wa wanataaluma wa masomo ya Afrika nchini Marekani, mwaka 1999, Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, na Udvardy, akiwa miongoni mwa wasikilizaji, akakitambua kimoja. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2003 wao wawili, pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliandika makala juu ya biashara hiyo ya wahenga katika jarida la American Anthropologist. Kigango cha Illinois kikarudishwa Kenya, na mwaka 2007 watu wa ukoo wakakipokea kwa sherehe kijijini kwao. Mzee Kalume mwenyewe hakuiona siku hiyo; alikuwa amekwisha kufa.

Mhakiki atasema nini juu ya picha hii? Kwa kipimo cha studio ni picha ya kawaida: mzee, nguzo mbili, mchana. Kwa kipimo cha vijana wa Holga ni ya kuchosha, maana mwanga haukuvuja popote. Lakini uzito wake unatoka mahali ambapo vipimo hivyo viwili havifiki. Iliweza kushuhudia kwa sababu nakshi za pembetatu zilionekana barabara, moja moja, kiasi cha mtu kuzilinganisha na slaidi baada ya miaka kumi na minne. Laiti sifongo ya kamera ile ingekuwa imeoza, laiti mchirizi mwekundu ungepita juu ya nguzo, vijana wangeisifu picha na Wagiriama wangekikosa kigango chao. Naileta hoja hii mbele ya wanaoipenda dosari, nami ni mmoja wao, kwa kuwa sijapata kuisikia ikijibiwa.

Na bado haiyafuti yale niliyoyaona usiku ule Malindi. Picha ya kivuko ina dosari na imezaa. Picha ya mwaka 1985 haina dosari na imezaa pia. Kinachozifanya zifanane hakimo katika lenzi wala katika filamu. Zote mbili zililetwa. Ziliwekwa mikononi mwa watu waliojua ni nani aliyemo, na ni nani hayumo. Pembe ile ya leso, ukiitoa katika nyumba ile na kuitundika katika ukumbi wa maonyesho Nairobi au Berlin, itakuwa pembe ya kitambaa, nayo itasifiwa kwa ufifivu wake. Hapo itakuwa guni kweli, kwa sababu haina wa kuitia mizani. Dosari inayonunuliwa pamoja na programu ya simu imezaliwa katika hali hiyo: haijapata kuwa na mwenyewe. Siilaumu kwa kuwa ya uongo. Naiona ni yatima.

Nina kamera yangu kuukuu, na sitaiacha. Raha yake naijua: uzito wake mkononi, mlio wake, kule kuhesabu zimebaki ngapi, kule kungoja. Ila nimeona kwamba wenzangu wengi wanaopiga kwa filamu huzipeleka negativu kwa fundi, fundi huzigeuza kuwa picha za kompyuta, na karatasi haitolewi kabisa. Wamekihuisha kitenzi cha kwanza na cha pili, na cha tatu wamekiacha pale kilipoachwa na simu. Wanaye mzee aliyesimamishwa ufukweni, na mzee bado anangoja.

Jambo moja zaidi, ambalo ni la idara za lugha hasa. Picha ya karatasi ilikuwa na mgongo, na migongo hiyo iliandikwa. Watu waliotumiana picha kutoka Malindi hadi Lamu, Unguja hadi Maskati, waliandika nyuma yake salamu, tarehe, uhusiano, beti za kuombana kumbukumbu, baadhi kwa herufi za Kirumi na baadhi kwa za Kiarabu. Hayo ni maandishi ya Kiswahili, yaliyoandikwa na watu ambao hawakujiita waandishi, nayo yana mtindo wake na mapokeo yake. Tumekusanya tenzi, methali na majina ya leso; migongo ya picha, kwa kadiri nijuavyo, tumeiacha ibandikwe gundi kwenye kurasa za albamu. Mwanafunzi mwenye bidii angeweza kuanza kesho kwa albamu za nyumba kumi, kwa idhini ya wenyewe, na asichelewe, maana wanaoweza kusema huyu ni nani wanapungua.

Nyuma ya ile picha ya kivuko pameandikwa kwa penseli, kwa hati ya Kiarabu, jina la aliyeipiga na siku aliyoileta nyumbani. Jina la bibi halikuandikwa. Waliona hapana haja.